Diski ya Elisante

Enzi hizo kila mwanandoa alitunza kumbukumbu zake kwenye diski nyuma ya sikio, na ya mmoja ikifa, mpya ilijazwa kutoka kwa mwenzake. Ya Elisante ilikufa ghafla, akawa hamjui hata mkewe, Nakijwa. Fundi akampachika mpya, akaijaza kutoka kwa Nakijwa.

"Mke wangu," Elisante alisema alipofumbua macho. Nakijwa akalia kwa furaha, akammiminia chai.

Wakiwa wanakunywa, uso wa Elisante ukakunjamana. "Uchungu wa kumzaa Upendo ulinitesa sana," alisema. "Nilikuita usiku kucha, hukuja."

Nakijwa aliweka kikombe chini. Kisha akamkumbatia, akamwambia neno alilolingoja yeye mwenyewe kutoka kwa mumewe miaka yote:

"Pole, mpenzi. Nisamehe."