Kikohozi cha Mlangoni

Siku hizo hofu ya mgonjwa haikutibiwa mpaka ndugu yake akubali kuibeba, na Mzee Sengondo alikubali bila kusita. Mkewe alikuwa hali wala halali, na kila jioni alitetemeka.

"Unaogopa nini, mama?" daktari wa akili alimuuliza mara tatu.

Mama Elisaria aliinamisha kichwa. Mumewe, aliyekaa ubavuni pake, akamjibia: "Wezi, daktari. Mtaa wetu umejaa wezi."

"Ningependa kuzungumza naye peke yake."

"Miaka arobaini tumeishi pamoja, leo nimwachie mgeni?"

Basi wakavishwa kofia za nyaya za kuhamishia hofu, na punde si punde hofu ya mke ikahamia kwa mume. Mama Elisaria akatangulia nyumbani akiimba. Mzee alipitia sokoni kumnunulia samaki, akijisifu moyoni, maana wezi hakuwaogopa hata kidogo.

Alipofika kwake alisimama mlangoni akakohoa, kama ilivyokuwa desturi yake, ili waliomo wajue mwenye nyumba amerudi.

Moyo ukamruka. Samaki wakamponyoka. Aligeuka nyuma, hapakuwa na mtu. Akakohoa tena, taratibu, na safari hii akajikuta amejikunyata ukutani, mikono imefunika uso, vilevile Mama Elisaria alivyozoea kujikunyata.

"Baba Elisaria, ni wewe?" mkewe aliita kwa furaha kutoka jikoni. "Mbona huingii?"

Koo lilimwasha. Mzee akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, asije akajisikia akikohoa tena.