Kufuli la Maabara

Saa tatu kasorobo, wanafunzi arobaini walikuwa wamesimama nje ya maabara, na wote walikuwa wakimtazama msichana mmoja.

Mlango wa chuma ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mhudumu wa maabara, na mhudumu hakupatikana kwa simu. Mtihani wa kemia ulikuwa wa saa tatu kamili. Ukikupita, unasubiri mwaka mzima.

Msichana alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke mahabusu ya watoto. Alipelekwa huko kwa kufungua maduka yasiyo yake. Shuleni wakamwita Makufuli, naye alishaanza kulizoea jina.

"Makufuli, tuokoe bwana," alinong'ona jirani yake wa dawati.

"Nimeacha."

Mwalimu wa kemia akakohoa. "Binti, mimi sijasema kitu. Ila nikigeuka kuangalia yale maua pale, huku nyuma sioni."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ametia saini mbele ya hakimu kwamba hatagusa kufuli la mtu. Na bodi ya shule ilimkataa mara mbili, mpaka mwalimu mkuu alipogonga meza. Kufuli lenyewe lilikuwa la bei rahisi, kazi ya dakika moja. Vidole vikamwasha. Akavibana kwapani.

"Siwezi, mwalimu. Nikilishika hili leo, kesho kikipotea kijiko jikoni nitaitwa mimi."

Kicheko kikakatika.

Hapo viatu vya mwalimu mkuu vikasikika koridoni. Watu wakafunga vifungo vya shingo haraka haraka. Mama yule angeweza kukurudisha nyumbani kwa kifungo kimoja tu. Akatazama mlango, akatazama saa, akamtazama msichana.

"Umeligusa?"

"Hapana, mwalimu."

"Vizuri. Na usiliguse."

Akachomoa pini kichwani, akainyoosha kwa meno, akainama. Kufuli likaachia kabla mwalimu wa kemia hajafunga mdomo.

Wanafunzi wakaingia mmoja mmoja, bila hata mnong'ono. Msichana alipofika mlangoni, mwalimu mkuu akamshika bega.

"Kule mahabusu, bweni la pili," akamwambia kwa sauti ya chini, "kitanda cha chini, karibu na dirisha. Bado kinapiga kelele ukijigeuza?"