Mkono wa Kushoto

Makame, fundi cherehani, alitandaza gauni la mkewe juu ya meza ya kukatia, akajaribu kuelewa. Kiwiliwili ni mji wa mimba. Mikono ya gauni ni mirija. Penye kila ncha, kifuko cha mayai. Upasuaji wa kwanza ulimwondolea Mize mrija wa kushoto, wa pili kifuko cha kulia. Na leo mkunga kasema Mize ni mjamzito.

"Yai liko kushoto, njia iko kulia," alimwambia mkewe. "Mbegu zangu zilipopanda huko kulia zilikutana na nani?"

"Unataka kujua baba ni nani."

"Nataka kuelewa."

"Mkunga kakwambia, mrija haukushonwa kwenye kifuko. Mdomo wake una vidole, vinapapasa hadi vinaokota yai, hata la upande wa pili."

"Yai halina miguu, Mize."

"Na wewe huna masikio, mume wangu."

Mize alilinyakua gauni, akalivaa juu ya kanga. Mkono wake wa kushoto aliupitisha ndani, kitambaa kikavimba ukikatiza kifuani, mpaka vidole vikachungulia kwenye mkono wa kulia wa gauni.

"Haya. Si vyangu hivi?"

Vidole vilikuwa vya mkewe, Makame alivijua hata gizani. Lakini vilitokea pasipo pake. Alinyanyua mkono kuvipokea, akausitisha, akanyanyua wa pili. Vidole vikaendelea kupapasa hewani, naye hajui avishike kwa mkono upi.