Kijiko cha Dawa ya Mafua

"Weka chini hicho kijiko!"

Wifi yangu aliganda, mkono hewani, dawa ya rangi ya zambarau ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mwanangu alikuwa mapajani mwake, mdomo wazi, mashavu yakiwaka homa. Mimi hata viatu vya kazini sijavua.

"Wifi, usinitie presha. Hii ni ya mafua. Ile nyingine ndiyo ya homa."

Kusoma nimejifunzia madarasa ya jioni, mtoto akininyonya. Nilizichukua chupa zote mbili nikamwekea kidole chini ya neno lile lile: parasetamoli. Na hapa, parasetamoli.

"Umebakiza mwaka mmoja tu uitwe mfamasia," nikasema. "Hata chupa hukuisoma? Dawa ni ile ile, ukimpa zote mbili unamzidishia kipimo!"

"Jamani, si dawa za dukani tu hizi! Hosteli tunazimeza kama peremende. Zingekuwa na madhara, wangeziuza bila cheti cha daktari?"

Nilimnyakua mwanangu, nikamfuta midomo kwa kiganja.

"Tangu asubuhi umempa vijiko vingapi, vya chupa zote mbili?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza ukaisha.