Tetea na Yai Viza

Paliondokea kuku mmoja, Tetea, aliyeatamia mayai kumi. Safari iliyopita Kenge alimwachia kiota kitupu. Safari hii yai moja lilikuwa viza, na harufu yake ikamfikia jirani yake Bata, mpenda usafi.

"Shoga, unatuaibisha mtaa mzima. Litupe hilo viza!"

"Lina kazi yake, shoga," alijibu Tetea, akalisukuma kwa mdomo mpaka ukingoni mwa kiota.

Siku ya kumi na tisa, Tetea alipotoka kudonoa mtama, Kenge alijipenyeza. Kwa pupa yake hakuchagua. Alilibugia la ukingoni, likampasukia kooni. Akatimua mbio akitapika na kupayuka kichakani kote: "Msiende kwa Tetea! Mayai yake yote yameoza!"

Nguchiro, aliyekuwa njiani, akageuza. Nyoka naye akaghairi.

Siku ya ishirini na moja, vifaranga tisa walitoboa maganda. Tetea akawapitisha taratibu mlangoni kwa Bata, kifua mbele.

"Na lile viza ulilitupa wapi?" Bata aliuliza.

"Nilitupe, shoga? Nilimkirimu mgeni, naye akanilindia wanangu."