Bisbisi ya Fundi Ubwa

"Inamisi bado, inaruka," alisema Fundi Ubwa, mpini wa bisbisi umemganda sikioni. "Zima."

Alikuwa ameinama juu ya injini ya gari ya Bi Shemsa, macho kayafumba. Ndivyo alivyofanya kazi miaka thelathini na tano pale mtaani Malindi, mjini: ncha ya bisbisi ndefu juu ya chuma, mpini kwenye mfupa wa sikio, basi anasikiliza. Mafundi wenziwe walichomeka vikompyuta vyao, naye akiwacheka. Gari ikimwambia yenyewe inapoumwa.

Hii ilikuwa haimwambii. Ilipiga mara mbili, mara tatu, ikaruka. Ilikimbia kidogo, ikaruka tena. Haikuwa na mpangilio hata chembe, na hilo ndilo lililomkera.

"Mie naona imepona," alisema Bi Shemsa akishuka garini. "Haitetemeki, haizimiki, inavuta. Nipe gari yangu, fundi."

Bi Shemsa alikuwa mkunga wa kijijini Charawe. Gari ile ndiyo iliyowakimbiza hospitali ya mjini wanawake waliozidiwa na uchungu, na wiki hii alikuwa na wawili wa kutazamiwa, mmoja wa pacha.

"Na ikizimika njiani?" aliuliza Ubwa. "Katikati ya msitu wa Jozani, na mtu uchungu umemshika? Utamwambia Ubwa kasema imepona?"

Siku ya nne sasa hofu hiyo ilikuwa haimpi Ubwa raha.

Siku ya kwanza kazi ilikuwa nyepesi. Gari ililetwa ikitetemeka mwili mzima, akakuta plagi moja imeungua. Alipoibadilisha mtetemeko uliisha. Lakini alipoweka bisbisi ahakikishe, akaisikia ikiruka. Basi si umeme, akajiambia, ubovu uko kwenye chuma. Hapo ndipo alipoanza kufungua.

Alipima kompresheni, silinda zote nne zikawa sawasawa. Alishuku valvu. Akafungua kifuniko, akapima nafasi ya kila moja, akakagua springi, asione iliyovunjika. Mnyororo wa taiming haukuwa umeruka hata jino. Labda inavuta upepo, akabadilisha na gasketi. Alikaa juu ya tairi kupumzika, kisha akafunga kila kitu, akawasha, akasikiliza. Ikaruka.

Juzi alikuja Hamid, dereva wa watalii wa Kendwa, kumwaga oili tu. Ubwa akajaribu bisbisi kwenye gari ile nayo, akaisikia inaruka vilevile.

"Mafuta ya siku hizi," alimwambia, "yamechanganywa hayo."

Hamid alicheka, akaenda zake Kendwa, na tangu hapo alishakwenda na kurudi mara tatu salama salimini.

Nyumbani Ubwa hakuwa na utulivu. Ngazi za kwenda ghorofani alizipanda kwa kusimama mara mbili, kila mara akifikiria valvu. Akijilaza ubavu, sikio juu ya mto, aliisikia ikiruka. Mkewe, Mwatum, alikuwa ameshachoka na kugeukageuka kwake.

"Gari hiyo itakuua," alimwambia asubuhi ile akimtilia chai. "Hata kula huli."

"Sijazoea kushindwa na chuma."

"Uzoee basi. Ushakuwa mtu mzima."

Ubwa aliondoka na kikombe hakijafika nusu.

Sasa alikaza tena plagi zote nne, moja baada ya moja, ingawa alijua zimekaza. Umeme ukakatika. Seremala wa jirani akawasha jenereta lake, na uchochoro mzima ukajaa ngurumo. Mabati ya gereji yalitetemeka, meza ya spana ikatetemeka, na hata bodi ya gari chini ya kiganja cha Ubwa ilikuwa ikitetemeka.

"Mara ya mwisho!" alimpigia kelele Bi Shemsa, aliyekuwa amerudi kwenye usukani. "Nisipoipata hivi sasa, ichukue! Lakini nakwambia kweli, naogopa kukupa!"

"Na mie wananingoja watu!"

"Haya, washa!"

Boneti iliyoinuliwa ilimziba, asimwone tena. Akafumba macho kama kawaida yake, akaweka bisbisi.

Ngurumo za jenereta zikawa mbali. Karibu kabisa, ndani ya sikio, ikaja. Ikapiga mara moja, ikaruka. Ikapiga tatu za haraka, ikanyamaza kwa muda mrefu, kisha moja nzito. Ilikuwa imezidi kuliko jana. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu, lakini alifurahi karibu ya kulia, kwa sababu ubovu ukizidi ndipo unapokamatika.

"Hii hapa!" alipiga kelele. "Nimeipata, inaruka! Usizime, Bi Shemsa! Usizime hata kidogo!"

Alipofumbua macho, Bi Shemsa alikuwa anaingia kutoka uchochoroni, simu mkono mmoja, ufunguo wa gari mkono wa pili.

"Nlitoka kupokea simu, fundi, jenereta halinipi kusikia," alisema. "Sijawasha bado."

Ubwa alitazama mkanda wa feni. Ulikuwa umetulia tuli, na bisbisi ilikuwa bado sikioni, inapiga na kuruka.

Bi Shemsa alimtazama usoni. Akaitia simu mfukoni, akamshika mkono, akaweka vidole viwili juu ya mshipa wa mapigo. Midomo yake ikaanza kuhesabu, ikasita, ikaanza tena.

"Panda gari, fundi," alisema. "Hii hii."