Jicho la Mzee Karenzi

Narcisse alitaja tarakimu moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye saba, jicho la kushoto la baba yake likafumba.

"Saba!" alisema mama yake, Murekatete, aliyekuwa amemshika mgonjwa mkono. "Umeona? Andika basi."

Mzee Karenzi alifundisha hesabu Ubelgiji nusu ya maisha yake, akarudi Gisenyi kuzeeka. Kiharusi kilimwachia jicho hilo tu. Hospitali moja ya Nairobi ilikubali kumpasua kichwa, mradi malipo yatangulie. Akiba yake yote ilikuwa katika benki ya Brussels, nayo haikupokea amri ila kwa kadi yake yenye chipu na namba ya siri aliyoijua yeye peke yake.

Ndiyo sababu mwanawe alisafiri kutoka Brussels na kisoma kadi. Asubuhi nzima alipiga magoti nyuma ya kompyuta ya sebuleni. Aling'oa kipanya, akachomeka waya wa kifaa mahali pake. Akapitisha waya mwingine kwenye kibodi ili kifaa kipate umeme. Akaingiza disketi, akazima, akawasha upya. Taa ndogo ya kijani ilipowaka, Murekatete alipiga vigelegele. Kadi yenyewe Narcisse hakuruhusu mtu aiguse. Jasho la vidole, alisema, huharibu chipu.

"Papa Narcisse, usisinzie," Murekatete alimwonya mumewe. "Tutaandika namba ya usingizi!"

Tarakimu nne zilipotimia, Narcisse alibonyeza. Kompyuta ikalia.

"Inakataa, Mama. Papa amesahau."

"Yeye? Mutu anajua mpaka leo namba ya kila voiture padri aliendesha!"

Walirudia. Jicho lilifumba kwenye tarakimu zile zile, bila kusita. Kompyuta ikalia tena.

"Bon. Imebaki mara moja tu," alisema Narcisse. "Tukikosa, kadi inafungwa, na Brussels hawataifungua bila sahihi yake."

Murekatete alisali kwanza. Safari hii mzee alifumba jicho kwa nguvu hata chozi likamtoka. Narcisse aliandika, akabonyeza, kisha akamgeuzia mama yake kioo cha kompyuta apate kujisomea maandishi mekundu ya Kifaransa: kadi imefungwa.

Murekatete aliuachia mkono wa mumewe.

"Ona we! Maisha yote unachapa watoto ya watu juu ya hesabu, na namba yako mwenyewe inakushinda." Alijifuta uso kwa kitenge. "Sasa tufanye nini, Narcisse?"

"Tumwachie Mungu, Mama."

Dada yake Murekatete aliyeishi Goma alikuwa amewaazima gari la kumfikisha mgonjwa uwanja wa ndege wa Kigali, na dereva alikuwa akingoja mlangoni tangu adhuhuri. Murekatete alitoka kumwambia arudi. Alimsindikiza hadi barabarani, akilia.

Mzee alimtazama mwanawe, jicho halikufumba.

Narcisse alimgeuza taratibu, uso ukaelekea ukutani. Kisha akachomoa kwenye kifaa kadi yake mwenyewe ya benki ile ile, iliyofungwa, akatoa mfukoni ya baba yake, akaiingiza, akaandika tarakimu zile zile nne, na benki ikamkaribisha Bwana Karenzi.